Mende Chini ya Meza ya Pasi

Dobi mwenyewe watu walimwita Mnyoofu. Si kwamba alikuwa amenyooka yeye; mgongo wake ulikuwa umeinama kidogo, kama wa mtu yeyote aliyemaliza ujana wake juu ya meza ya pasi. Jina lilitokana na suruali. Suruali ikipita mikononi mwake, mstari wa mbele unashuka kutoka kiunoni hadi kwenye kiatu bila kuyumba, na hata ukiikalia kutwa nzima, jioni mstari bado upo unakutazama. Wapo madobi wanaosukuma pasi kama wanapaka ukuta chokaa. Yeye alinyunyiza maji kwa vidole, akasubiri nguo inywe, akatandaza kitambaa cha pamba juu yake, ndipo akashusha pasi taratibu kama mtu anayemlaza mtoto mchanga asije akaamka. Lakini ukianza kusifu kazi nzuri hujui utaishia wapi, na habari yenyewe hapa si ya suruali. Ni ya mende.

Ndiyo, mende. Na walikuwa wengi.

Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu vilivyofuatana kama mabehewa. Chumba cha mbele, chenye mlango wa barabarani, ndicho kilikuwa cha kazi: meza ndefu iliyofunikwa blanketi kuukuu, pasi ya umeme, na pasi ya mkaa ya siku ambazo umeme umejiendea zake. Nguo zilizokwisha zilining'inia kwenye waya kutoka ukuta hadi ukuta. Chumba cha kati alilala yeye na mke wake. Chumba cha nyuma, chenye dirisha linaloingiza jua la asubuhi, alilala kaka yake.

Kaka huyu alikuwa dereva wa malori makubwa, na hata baada ya kuacha usukani watu hawakuacha kumwita Dereva. Alikuwa mtu wa sauti na vichekesho, wa kuingia nyumbani kwa kelele na kutoka kwa kelele. Siku moja kiharusi kikampiga akiwa anakunywa chai kando ya njia. Mkono na mguu wa kushoto vikafa, mdomo ukaenda upande, maneno yakapotea yote isipokuwa "ee" na "aa". Aliletwa kwa mdogo wake akiwa na begi moja, sanduku la kioo lenye mjusi ndani, na beseni kubwa la plastiki lenye mfuniko.

Mjusi yule hakuwa wa ukutani. Alikuwa mkubwa, anajaza mkono mzima kutoka kiganja hadi kiwiko, rangi ya mchanga, na chini ya kidevu ana miiba laini anayoivimbisha akikasirika. Kwa hiyo jina lake lilikuwa Madevu. Dereva aliachiwa mjusi huyo na injinia mmoja wa barabara ambaye mkataba wake uliisha na ndege haikutaka kumpakia mnyama. Na beseni? Beseni lilikuwa na chakula cha Madevu: mende wa kufugwa. Nao si wale wa jikoni wanaokimbia taa ikiwaka. Hawa ni wapana, wazito, hawapandi ukuta laini, hawaruki. Ukiwasimamishia trei za mayai wakapata pa kujificha, ukawapa pumba na vipande vya karoti, ukawawekea sponji yenye maji, wanakaa kimya gizani wanazaana. Sharti lao moja tu: joto. Bila joto hawazai.

Sasa joto katika nyumba ya dobi liko wapi? Liko chini ya meza ya pasi. Beseni likawekwa pale, shuka la meza likateremshwa hadi sakafuni, na mteja yeyote akisimama mbele ya meza kungoja shati lake, vidole vya miguu yake vilikuwa hatua moja kutoka kwenye kijiji kizima cha mende. Hawakumwambia mtu.

"Siku moja atatoka mmoja apande kwenye koti la mtu," mke wa dobi alikuwa akisema.

"Hawa hawapandi."

"Mende asiyepanda! Basi na mimi ni kuku asiyetaga."

Alisema hivyo, lakini yeye ndiye aliyewakatia karoti. Kulikuwa na sababu, na ndiyo inayobeba habari yote hii.

Dereva alikataa kula. Miezi ile ya kwanza ukimpelekea kijiko anafumba mdomo na kugeuza uso ukutani, na machozi yanamtoka kwenye jicho la upande mzima. Akawa mifupa. Daktari akasema mwili unaweza kurudi kidogo kidogo, lakini mtu asiyekula hana cha kurudisha. Siku moja shemeji yake, mke wa dobi, alikuwa amekaa naye na bakuli la supu, huku dobi akimtupia Madevu mende wake wa mchana. Madevu akasimama kama jiwe. Akainamisha kichwa, jicho moja likamkazia yule mende. Akasogeza mguu mmoja, akatulia tena. Halafu chap! Ulimi, taya, mende hayupo. Dereva akacheka. Kicheko chenyewe kilitoka upande mmoja kama upepo wa tairi, lakini kilikuwa kicheko, na mdomo ukabaki wazi. Shemeji hakungoja kuambiwa. Akasukuma kijiko ndani, na Dereva akameza.

Tangu siku hiyo walikula pamoja, mjusi na dereva. Mende mmoja, vijiko kadhaa. Kikikwama, mende mwingine. Madevu alikula na majani pia, lakini majani aliyatafuna kwa uvivu bila tamasha, na Dereva kwa majani hakufungua mdomo. Wakajaribu kumdanganya kwa vichekesho, kwa redio, kwa picha za malori. Hakuna. Mende tu.

Ndiyo maana siku Mama Wakili alipoingia na koti lake jeusi mkononi, dobi alisukuma beseni ndani kwa mguu kabla hajasikia neno.

Mama Wakili alikuwa mteja mkubwa. Nguo zake za mahakamani zilipigwa pasi hapa tu, na nusu ya mawakili wa ofisi yao alikuwa amewaleta yeye. Alikuwa mwanamke mfupi, wa miwani, asiyeongea kwa kuzunguka.

"Fundi, njoo unuse hapa."

"Wapi, mama?"

"Hapa kwapani. Na usije ukaniambia ni mimi."

Dobi akanusa. Aliijua harufu ile kuliko anavyojua harufu ya mto wake: pumba zilizolowa, karatasi ya trei, na kitu kama viazi vilivyosahauliwa stoo.

"Labda ni maji ya bomba, mama. Siku hizi yanakuja na harufu."

"Maji ya bomba yananuka karoti iliyooza?" Mama Wakili alivua miwani. "Nisikilize, Fundi. Mimi nasimama mbele ya hakimu na koti hili. Hakimu akianza kunusa badala ya kusikiliza, mtu wangu kafungwa."

Alicheka, dobi naye akacheka, ila kicheko cha dobi kilikuwa cha midomoni tu. Mama alipotoka, mke alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani na mikono kiunoni.

"Nilikwambia."

"Ulisema nini?"

"Nilisema tuwapeleke uani."

"Uani ni baridi. Hawazai."

"Basi wasizae! Huyu mama akiondoka anaondoka na wenzake wote. Tutampigia nani pasi, Madevu?"

"Na kaka atakula vipi?"

 Mke alirudi ndani akaanza kusugua sufuria ambayo ilikuwa safi tangu asubuhi.

Dobi alisafisha beseni siku hiyo hiyo. Alitupa pumba za zamani, akabadilisha trei zilizolowa, akapunguza karoti. Harufu ikapungua, lakini haikuisha. Akakaa kwenye kigoda chake akafikiri kama dobi anavyofikiri. Nguo ikiwa na doa unafanya nini? Unaondoa doa. Nguo ikiwa na harufu? Kwenye rafu kulikuwa na mfuko wa vidonge vyeupe vya dawa ya nondo, vile anavyotia kwenye mifuko ya makoti ya sufu yanayokaa muda mrefu bila mwenyewe kuyafuata. Harufu yake kila mtu anaijua na kuiheshimu. Ni harufu ya kabati lililotunzwa. Akafunga vidonge kwenye vitambaa vidogo vidogo, akavitundika chini ya meza kuzunguka beseni lote, na vingine viwili vitatu akavibana kwenye matundu ya mfuniko, pale harufu ilipokuwa inatokea.

Ikafanya kazi vizuri mno. Mama Wakili alipofuata nguo zake alizinusa akaguna kwa kuridhika.

"Sasa zinanukia kabati la bibi yangu. Ulifanyaje?"

"Siri ya kazi, mama."

Dobi alitembea kifua mbele siku ile, na hata alipiga mluzi juu ya mashuka, kitu ambacho mke wake hakuwa amekisikia tangu kaka mtu aletwe.

Halafu mende wakaanza kulala chali.

Wa kwanza hakumshtua. Mende naye hufa. Lakini kesho yake alipofunua mfuniko aliwakuta wengi wamepinduka, miguu inatapatapa hewani polepole, kama watu wanaoendesha baiskeli ndotoni. Alipowageuza walipinduka tena. Akajiuliza: kiu? Akalowesha sponji. Njaa? Akaongeza karoti. Hali ikazidi. Basi ni baridi, akasema. Upepo siku hizi umekuwa mkali. Akachukua ile pasi ya mkaa, akaijaza makaa mekundu, akaiweka chini ya meza ubavuni mwa beseni, akateremsha shuka vizuri ili joto lisitoke.

Mtu anayependa kitu hukiua hivyo hivyo, kwa kukihudumia.

Wale waliokuwa bado wanachezacheza aliwahi kumpelekea Madevu, na Madevu alimla mmoja, wa pili akamwangalia na kumwacha. Dereva alikula vijiko viwili mchana ule. Jioni hakula. Kesho yake mende hawakuwa na nguvu hata ya kutembea, na Madevu hakimbizi kisichotembea. Alilala juu ya jiwe lake akafumba macho. Dereva alimtazama muda mrefu, halafu akageuza uso ukutani.

Mke wa dobi alikuwa jikoni amejifunga kitambaa kichwani, anabonyeza kipaji cha uso kwa vidole.

"Una nini?" dobi akamuuliza.

"Kichwa. Tangu ulipotundika zile dawa zako kinanipasuka."

"Lakini harufu si imeondoka?"

"Imeondoka na akili zangu. Hebu niambie, zile dawa unatia kwenye makoti kwa ajili ya nini?"

"Nondo wasitoboe."

"Wakija inawafanya nini?"

"Wanakimbia. Wasipokimbia wanakufa."

"Na nondo ni mnyama gani?"

"Mnyama gani tena, mama? Ni mdu..."

Hakulimaliza. Mke naye alikuwa ameshusha mikono kutoka kichwani.

"Mdudu," akamalizia yeye, polepole. "Wanaoruka wanakimbia. Na hawa uliowafungia kwenye beseni, baba, ukawawashia na moto, watakimbilia wapi?"

Dobi alienda mbele mbio, akagonga nyonga kwenye kona ya meza, hata hakusikia maumivu. Alivirarua vile vitambaa, akavitupa barabarani, akaburuta beseni hadi uani akafunua mfuniko kwenye hewa safi. Mke alifuata na ufagio asijue wa kufagia nini. Wakaanza kuchambua trei moja moja, kama watu wanaochambua mchele. Wafu, wafu, wafu. Madume yenye mabawa yao marefu, majike mapana yaliyokuwa na watoto tumboni. Chini kabisa, kwenye kona ya trei iliyokuwa imegandamana na unyevu, wakapata walio hai: majike machache, dume moja lenye bawa lililokunjika, na vitoto vyembamba kama punje za mtama. Wote pamoja waliingia kwenye bati la biskuti na nafasi ikabaki.

"Wakikaa salama watazaa," dobi alisema.

"Lini?"

 Mende hawa wana subira ya kobe. Mtoto hadi awe mkubwa wa kuliwa, msimu mmoja unapita na mwingine unaingia. Dereva hakuwa na msimu.

"Hata yule Madevu," mke alisema, "tumemlisha sumu." Wakaenda kumchungulia. Madevu aliwatazama kwa jicho moja, akavimbisha kidevu kwa hasira kidogo, akaendelea kulala. Alikuwa mzima. Walishukuru kwa hilo, maana siku ile hapakuwa na la pili la kushukuru.

Wakajaribu njia nyingine. Mende wa jikoni? Majirani wote walipuliza dawa. Dobi na mkewe walikwisha kulisha sumu mara moja, hawakutaka mara ya pili. Panzi, basi. Dobi akaenda kwenye uwanja wa mpira na kofia mkononi, lakini nyasi zilikuwa zimekauka hadi zinalia chini ya viatu, na panzi aliyekuwepo alikuwa ni yule mjanja aliyeponea kila kitu. Kinyozi wa ng'ambo alimwona akirukaruka, akatoka na mashine bado inanguruma mkononi.

"Mnyoofu! Huyo mteja kakimbia bila kulipa?"

"Anataka kupimwa suruali," dobi alijibu, na akaruka tena, akakosa.

Alipata panzi wawili, wembamba. Madevu aliwamaliza kabla Dereva hajageuka vizuri kitandani. Kijiko kimoja kiliingia, cha pili kikarudi kidevuni. Kesho yake hapakuwa na panzi hata mmoja. Midomo ya Dereva ikapasuka. Shemeji yake akawa anaichovya kwa kitambaa chenye maji, anamsemesha: "Shemeji, mimi nimekukosea nini? Supu ya mtu mwingine ningekuwa nimeshaimwaga. Yako naipasha tu, naipasha tu." Hakugeuka.

Ndipo dobi alipopiga moyo konde. Alichukua bati la biskuti, akaingia nalo chumba cha nyuma, akaketi kando ya kitanda.

"Kaka," akasema, "nimewaua. Sikukusudia. Niliwatilia dawa ya nguo. Waliobaki ni hawa hapa. Nampa Madevu hawa majike, nawe ule. Tukimaliza tutajua la kufanya."

Dereva akageuza uso. Dobi akafunua bati, na kaka mtu akatazama ndani: majike yanatambaa taratibu juu ya kipande cha trei, na vile vitoto vimejibanza chini yake.  Halafu ule mkono wa kulia, ambao wiki nzima ulikuwa umelala kama kitu cha mtu mwingine, ukainuka, ukaja ukatua juu ya bati. Kiganja kikubwa cha usukani. Kikalifunika lote.

"Kaka, toa mkono."

"Aa."

"Toa mkono, ule."

"Aa!" Na akafumba mdomo, kabisa, hadi midomo ikawa mstari.

Mke alikuwa amesimama mlangoni na bakuli. "Anasema usiwaue hao," alinong'ona. "Anaona heri alale njaa."

"Nasikia anachosema! Sasa nimfanyeje? Niwe Madevu mimi?"

Alisema kwa hasira, wala hakuwa anataka jibu. Lakini neno likishatoka halirudi, na Dereva alikuwa amelisikia, na lile jicho lake zima lilikuwa limemgeukia mdogo wake na kubaki hapo, linangoja.

Dobi alimtazama mke. Mke alitazama bakuli. Halafu mtu mzima yule, ambaye hata harusini na misibani watu walimpisha kwa heshima ya usafi wake, akakunja suruali magotini ili asiharibu mistari, akapiga magoti, akaweka viganja sakafuni. Akasimamisha kichwa kama jiwe. Akakiinamisha upande, jicho moja kali. Mke akachota supu, akanyoosha kijiko mbele yake. Dobi akasogeza mkono mmoja. Akatulia. Chap! Akakiparamia kijiko kwa meno hadi kikalia.

Kitandani ukatoka upepo wa tairi. Mdomo ukafunguka.

"Haraka!" dobi alisema, supu ikimtiririka kidevuni. Mke akamimina, Dereva akameza, akakohoa, akameza tena.

"Tena. Huyu mwingine yuko kule kwenye pazia, namwona." Akatambaa.

"Hodi! Fundi, nimegonga mbele hadi mkono..."

Mama Wakili alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma, begi la nguo begani. Alimwona dobi kwa miguu minne, ulimi nje. Alimwona mke na kijiko. Alimwona mgonjwa anayecheka upande mmoja, na chini ya kiganja chake bati lililo wazi nusu, na vinavyotambaa ndani yake.

"Hao ni nini?" aliuliza.

Dobi angeweza kusema chochote. Alikuwa na maji ya bomba, alikuwa na siri ya kazi. Lakini mdomo wa kaka yake ulikuwa bado wazi, na mdomo ule haukai wazi muda mrefu.

"Mende, mama," akasema. "Tunawafuga. Wanakaa chini ya meza ninayopigia nguo zako pasi. Koti lako lilinuka harufu yao. Samahani, nisubiri kidogo."

Akakigeukia kijiko. Alisikia nyuma yake hatua za viatu vya kisigino zikirudi mbele, zikasimama kwenye chumba cha kazi, halafu waya wa nguo ukalia henga zikishushwa, moja baada ya nyingine: koti, sketi, koti jingine, na yale ya wenzake wa ofisini. Mlango wa barabarani ukafungwa, taratibu, si kwa hasira. Mke alimtazama mumewe akitaka kusema kitu.

"Usiache," dobi alimwambia. "Chota."